Ugumu wa Kazi na Haki ya Kuitenda

Methali zetu za Kiswahili husifu sana jasho. Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi kwamba mchumia juani hulia kivulini, kwamba mvumilivu hula mbivu, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni maneno mazuri, wala sina nia ya kuyatia dosari. Hata hivyo yana upungufu mmoja ambao sisi walimu hatuna desturi ya kuutaja darasani. Methali hiyo ya tatu inatuambia namna ya kukipata kilichomo mvunguni. Haituambii kilichomo mvunguni ni cha nani. Hata mwizi huinama.

Swali ninalokusudia kulizungumzia katika makala haya ni hilo. Je, ugumu wa kazi huipa kazi hiyo haki ya kutendwa? Mtu aliyetoa jasho, akajeruhika, akashindwa mara tisa na kufaulu mara ya kumi, je, ushindi wake umekuwa mwema kwa sababu ulikuwa mgumu? Tukiulizwa hivyo waziwazi, sote tutajibu kwamba sivyo. Lakini moyo haujibu kama mdomo. Moyo ukishaona jasho huona na haki papo hapo, na kuvitenganisha vitu hivyo viwili ni kazi inayohitaji mfano mzuri. Mfano nitakaoutumia huenda ukawashangaza baadhi ya walimu wenzangu, kwa kuwa sikuutoa katika riwaya wala katika utenzi, bali katika mchezo wa video.

Najua wako walimu wasiopenda hata kulisikia jina hilo. Katika miji ya nchi zetu vibanda vya kuchezea gemu vimeenea, na mwanafunzi aliyekosekana kipindi cha mchana mara nyingi hupatikana humo, ameng'ang'ania kishikio cha vitufe, amekodolea macho kioo, na nauli yake ya kurudi nyumbani imekwisha. Lawama hizo nazikubali. Lakini hapo kale riwaya nazo zililaumiwa vivyo hivyo huko Ulaya, kwamba zinapoteza wakati wa vijana na kuwaharibu akili. Leo tunazitungia mitihani. Mwalimu wa fasihi hana budi kujua kijana anasimuliwa nini katika zile saa ambazo hayuko naye.

Tuanze na jambo la kanuni, maana mchezo wowote ni kanuni kwanza na hadithi baadaye. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji hupata kete 32. Akishinda mmoja, hakuna awezaye kusema kwamba mwenziwe alizidiwa mali tangu mwanzo. Usawa huo ndio heshima ya bao. Wachezaji wanazijua kanuni kabla hawajaketi, na akitokea mbishi, wazee waliouzunguka ubao watamkatalia.

Mchezo wa video hauko hivyo. Kanuni zake zimo ndani ya mashine, na mchezaji huzijua kwa vidole kabla hajazijua kwa akili: kitufe hiki ni cha kuruka, hiki ni cha kushika, hiki ni cha kupiga. Wala hapana usawa. Mchezaji huwakilishwa na mtu mdogo kwenye kioo, na mbele yake huwekwa adui mkubwa kupita kiasi. Mwaka 1981 ulipotoka mchezo wa Donkey Kong, uliobuniwa na Mjapani Shigeru Miyamoto, mchezaji alikuwa seremala mdogo anayepanda ngazi na kuruka mapipa aliyokuwa akivurumishiwa na sokwe mkubwa aliyemteka mwanamke. Tangu siku hizo desturi imekomaa: kila hatua ya mchezo huishia kwa adui anayewazidi wote waliotangulia, na vijana humwita bosi. Waajiriwa wengi wataliona jina hilo kuwa na ukweli wake.

Mwanafalsafa Bernard Suits, aliyefundisha huko Kanada, alichapisha mwaka 1978 kitabu kiitwacho The Grasshopper, ambamo alijaribu kueleza mchezo ni kitu gani. Kwa ufupi, alisema kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vizuizi visivyokuwa vya lazima. Mcheza kandanda angeweza kuubeba mpira kwa mikono akautumbukiza wavuni. Hafanyi hivyo, kwa sababu akifanya hivyo hakuna tena kandanda. Katika mchezo, basi, ugumu ndio utamu wenyewe. Mchezo wa Dark Souls wa mwaka 2011 na ule wa Elden Ring wa mwaka 2022, yote miwili ya kampuni ya Kijapani FromSoftware, ilipata sifa duniani kwa ukali wake, na kijana aliyeimaliza hujivuna kama askari aliyerudi vitani. Hapana aliye na haki ya kumwuliza, "Umewaua kwa kosa gani?" Kuuliza hivyo ni kutoelewa maana ya mchezo, kama vile kumwuliza mcheza bao amezila kete za mwenziwe kwa hukumu ya mahakama ipi.

Hatari huanza pale tabia hiyo ya moyo inapovuka mpaka wa uwanja. Nayo huvuka kwa wepesi, kwa sababu hadithi zetu zimekwisha kuulainisha moyo tangu utotoni. Daudi alimwangusha Jaluti kwa kombeo. Sungura aliwavutanisha kamba Tembo na Kiboko, kila mmoja akidhani anavutana na Sungura, nasi tulicheka tukiwa watoto magotini kwa bibi zetu. Katika hadithi za namna hii moyo humwegemea mdogo. Jaluti angalau alitukana na kutisha watu. Lakini Tembo wa hadithi ya kamba alikosa nini? Alikuwa mkubwa, basi. Ukubwa wake ulikuwa ndio hati yake ya mashtaka, ushahidi wake na hukumu yake, wala hatukumdai Sungura sababu nyingine.

Mchezo ninaotaka kuueleza ulitungwa kana kwamba ili kuufumania moyo katika hila hiyo. Unaitwa Shadow of the Colossus, nao ulitoka mwaka 2005 kwa mashine ya PlayStation 2. Aliyeongoza utungaji wake ni Fumito Ueda, Mjapani aliyesomea sanaa kabla ya kuingia katika kazi ya michezo. Mwaka 2018 ulitengenezwa upya kwa mashine ya PlayStation 4.

Hadithi yake ni fupi. Kijana aitwaye Wander anaingia katika nchi iliyopigwa marufuku, amepakia juu ya farasi wake maiti ya msichana aitwaye Mono. Anao upanga wa kale, ambao ameuiba. Katika hekalu kubwa lenye masanamu 16 anasikia sauti kutoka juu, sauti ya Dormin, ikimwambia kwamba huenda msichana akarudishiwa uhai endapo masanamu yale yatavunjika. Nayo hayavunjiki kwa mkono wa binadamu, ila kwa kuyaua majitu 16 yanayokaa nchini humo, kila jitu na sanamu lake. Sauti inamwonya kwamba gharama yaweza kuwa nzito. Wander anajibu kwamba si kitu.

Angalieni yale ambayo hayakusemwa. Hakuna aliyesema kwamba majitu yale yamekula mtu, au yamechoma kijiji, au yamezuia mvua. Hatuambiwi kosa lao. Tunaambiwa idadi yao tu.

Katika michezo mingi njia hujazwa maadui wadogo wadogo wa kuuawa kama nzi, ili mchezaji asichoke kwa kukosa la kufanya. Humu hawamo. Wamo mijusi, ndege, kobe na farasi Agro; zaidi ya hapo ni magofu, nyika na upepo. Mchezaji huinua upanga juani, mwanga ukakusanyika ukamwelekeza lilipo jitu, naye akaenda. Mwendo ni mrefu, na katika mwendo huo hakuna kazi ila kufikiri. Wako wachezaji waliolalamika kwamba nchi ile ni tupu mno. Kwa maoni yangu utupu huo ndio ukurasa ambao mtungaji alimwachia mchezaji aujaze mwenyewe.

Kisha jitu linaonekana. Mengi yao yana kimo cha jengo la ghorofa, na mwili wa kila moja ni mlima: una manyoya ya kushika, una mawe yaliyopangana kama kuta, una vibaraza vya kupumzikia. Hakuna njia ya kuliua ila kulipanda. Kitufe kimoja ni cha kushika, ukikibana, Wander ameng'ang'ania manyoya, ukikiachia, ameanguka. Pembeni mwa kioo kuna duara linaloonyesha nguvu za mikono yake, nalo hupungua kila anapoendelea kujishikilia. Jitu hujitikisa kama ng'ombe anayefukuza mbung'o, na duara linazidi kupungua, na kidole cha mchezaji mwenyewe, pale alipoketi sebuleni, kimekakamaa juu ya kitufe. Hapo ndipo ufundi wa mchezo huu ulipo. Riwaya yaweza kutusimulia kwamba shujaa aling'ang'ania. Haiwezi kukitia ganzi kidole cha msomaji. Katika mchezo huu hakuna nafasi ya kusema "yeye." Aliyeshika ni wewe.

Juu ya mwili wa jitu kuna alama inayong'aa. Mchezaji hufika hapo, huinua upanga, hungoja nguvu zijae, kisha huchoma, na damu nyeusi huruka kama maji ya bomba lililopasuka. Wakati wa pambano muziki ulikuwa wa shangwe. Jitu likishachomwa mara ya mwisho, huanguka polepole, na muziki hugeuka ukawa wa msiba. Aliyetazamia vigelegele husikia maombolezo. Kamba nyeusi hutoka katika mzoga, humchoma Wander mwilini, naye huzimia. Anapoamka yumo hekaluni, sanamu moja limevunjika, na sauti inamtajia jitu linalofuata. Kadiri majitu yanavyokufa ndivyo sura yake inavyoharibika: ngozi hupauka, nywele huwa nyeusi zaidi, na mwishoni kabisa huota pembe. Mabadiliko hayo hayatangazwi. Mwenye macho huyaona.

Jitu la kwanza lina rungu, na mchezaji akipigana nalo huona kwamba anajitetea. La tano ni ndege mkubwa aliyetua juu ya nguzo katikati ya maji. Ametulia. Mchezaji aweza kuogelea chini yake muda wote autakao, ndege hatamdhuru. Hatainuka mpaka apigwe mshale. La kumi na moja ni dogo kwa kulinganisha na mengine, nalo linaogopa moto: mchezaji hushika kijinga cha moto akalirudisha nyuma hatua kwa hatua, nalo likijikunyata, hata likaporomoka gengeni na gamba lake la mawe likapasuka. La kumi na tatu ni refu kupita yote, mfano wa nyoka mwenye mabawa, nalo huelea juu ya jangwa. Jitu hilo halimshambulii mchezaji hata mara moja, toka mwanzo hadi mwisho. Mchezaji huitoboa mifuko yake ya hewa kwa mishale, nalo likashuka karibu na mchanga. Kisha hulifuata mbio juu ya farasi, akarukia bawa, akapanda mgongoni, akachoma.

Sasa msomaji ataniuliza: je, mchezaji haoni kwamba mnyama huyo hana kosa? Huona. Lakini kumfikia mnyama huyo ni kazi ngumu mno, na nzuri mno, hata nafasi yote ya akili inajaa. Farasi aende mbio kiasi gani? Bawa lirukiwe lini? Lugha yetu ina njia nyepesi ya kuyatofautisha maswali mawili yanayohusika hapa. La kwanza ni "nitalipandaje?", nalo hutosheka na kiishio -je. La pili ni "nalipandia nini?", nalo haliulizwi bila kauli ya kutendea, ile ambayo wanafunzi wetu huichanganya kila mwaka. Mchezo mgumu humjaza mtu swali la -je mpaka kauli ya kutendea ikakosa mahali pa kukaa. Wala hilo si la michezo pekee. Mtu aliyeshughulika sana huwa na raha fulani ya kutoulizwa, na huenda akaipenda shughuli kwa ajili ya raha hiyo.

Wasomaji wa Kiswahili, kwa bahati njema, hawakuhitaji kuwangoja Wajapani ili wajue kwamba aliye mkubwa aweza kuwa ndiye anayedhulumiwa. Tunaye Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilitungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo ni mtu wa kimo na nguvu za kupita kiasi, na Sultani wa Pate anamwogopa. Hafi kwa upanga wala kwa mshale. Anaumizwa na kitu kimoja tu, sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anampa mwanawe mwenyewe, naye mwanawe amekwisha kuahidiwa cheo na ndoa. Kijana anamchoma baba yake akiwa usingizini. Liyongo anainuka, anachukua uta wake, anakwenda kupiga magoti karibu na kisima, mshale umo utani, na watu wa mji kwa siku kadhaa hawathubutu kuteka maji, kumbe aliyepiga magoti pale ni maiti.

Katika utenzi huo hatuko upande wa mdogo. Mwenye sindano ni mdogo, kazi yake ni ya hatari, aliingiwa na hofu mkono ukatetemeka, akajikaza tena. Kwa kipimo cha jasho amestahili sifa. Lakini hakuna msikilizaji wa pwani aliyewahi kumpigia makofi, na kijana mwenyewe hakuifaidi ahadi aliyopewa. Mtunzi alimfanyia Liyongo jambo ambalo msimulizi wa Sungura hakumfanyia Tembo: alitupa muda wa kukaa naye, tukamwona akicheza ngoma, akifungwa, akiletewa mkate na mama yake. Ueda naye aliyapa majitu yake muda. Mengi hayatukimbilii, tunayakuta yakitembea mahali pao, na kabla ya mshale wa kwanza tunaweza kusimama tukayatazama.

Liko pingamizi la maana. Mtu atasema: Wander hakujitungia kazi hii, aliamriwa, na mchezaji aliamriwa zaidi, kwani mchezo hauna mlango mwingine. Ukikataa kuliua jitu, hadithi haisongi mbele. Atahukumiwaje mtu asiye na hiari?

Kuhusu amri, sisi walimu wa fasihi tunao mfano tunaoufundisha siku zote. Katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ambayo kwa Kiswahili husomwa kwa jina la Shujaa Okonkwo, imeamriwa na miungu kwamba kijana Ikemefuna auawe. Mzee Ezeudu hapingi amri. Anamwonya Okonkwo jambo moja tu, kwamba mtoto yule anamwita baba, basi asitie mkono wake. Okonkwo anafuatana na wauaji, na kijana anapomkimbilia, ni panga la Okonkwo linalommaliza, kwa kuwa aliogopa kuonekana dhaifu. Amri ilikuwapo, mkono ulikuwa wake. Ezeudu alizijua tofauti hizo mbili bila kusoma falsafa. Ndiyo sababu naona kitufe cha kushika kuwa kiini cha mchezo wa Ueda: kinaonyesha amri inapoishia na mkono unapoanzia.

Nalitaja jambo linalofuata kwa uzito unaolistahili, wala silinganishi na mchezo wowote, maana hapana kinacholingana nalo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, wachochezi hawakupenda kusema "kuua." Walitumia neno la Kinyarwanda lenye maana ya kufanya kazi. Waliwahimiza watu waende kazini. Sisi tunaofundisha lugha katika nchi hizi za Maziwa Makuu tunapaswa kulitafakari chaguo hilo la neno. Hawakulichagua kwa kuwa ni la kificho tu. Kila mtu alijua maana yake. Walilichagua kwa kuwa neno "kazi" lina heshima ambayo tumeijenga wenyewe, mashuleni na majumbani, kwa methali zile nilizozitaja mwanzo. Anayefanya kazi haulizwi maswali. Huulizwa amefikia wapi.

Kuhusu hiari ya mchezaji, mwanafalsafa wa Marekani C. Thi Nguyen, katika kitabu chake Games: Agency as Art cha mwaka 2020, anaeleza kwamba mtungaji wa mchezo hutumia utendaji wetu kama mchoraji anavyotumia rangi: hutupa lengo, hutupa uwezo, hutuwekea vizuizi, nasi tunaliazima lengo hilo kwa muda kana kwamba ni letu. Naona maelezo hayo ni sahihi, na ndani yake limo jibu la pingamizi. Mchezaji hana hatia ya kuua, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Alichonacho ni ushahidi juu ya nafsi yake: alipewa lengo na sauti asiyoijua, na kabla ya robo saa kupita lilikuwa lengo lake, kidole kimekufa ganzi kwa ajili yake. Nguyen anahofu pia kwamba mtu aliyezoea malengo ya mchezo, yaliyo wazi na yenye kuhesabika, atayatamani hata nje ya mchezo. Majitu 16, masanamu 16: hesabu safi. Walimu hatuna haki ya kuwacheka wachezaji hapa. Jitu la wanafunzi wetu ni mtihani, na tunawahesabia alama tangu darasa la kwanza. Tumewafundisha -je kwa miaka 12 au 13, na aliyeuliza "nasomea nini?" tulimjibu, "Utajua ukishafaulu."

Hata hivyo nisimdhulumu Wander. Kama angelikuwa na tamaa ya dhahabu, makala haya yasingekuwa na haja. Ueda alimpa udhuru ulio mkubwa kuliko wote, yaani upendo na kifo. Ni nani kati yetu aliyezika mpendwa wake ambaye asingepanda mgongo wa jitu kama angeambiwa kwamba ng'ambo yake kuna uhai? Wala haikuwa ahadi ya uongo. Mwishoni hubainika kwamba majitu yale yalikuwa ndiyo gereza la Dormin, aliyegawanywa vipande 16 na kufungiwa humo, na kila jitu lililouawa lilikuwa kufuli lililofunguliwa. Bwana Emon, aliyejua sababu ya marufuku ile, anafika na watu wake kazi imekwisha. Wander anageuka kitu cha kutisha, kisha anafutika, na mahali pake anapatikana mtoto mchanga mwenye pembe. Lakini Mono anaamka. Dormin alitimiza neno lake. Mtungaji mvivu angelimdanganya Wander ili sisi tupate somo rahisi kwamba ubaya haulipi. Ueda hakutupa faraja hiyo: uovu umelipa, msichana anatembea, na swali bado liko pale pale.

Muhula uliopita niliwasimulia wanafunzi wangu habari hii kwa mdomo, kwani wengi wao hucheza mpira tu katika vibanda vile na hawajauona mchezo wenyewe. Kisha nikawapa insha: je, Wander alikuwa na haki? Wengi walimhukumu, baadhi walimtetea kwa ajili ya upendo wake, na wawili watatu walisema kwamba suluhisho ni kuzima mashine. Msichana mmoja aliandika kwamba anayezima mashine ameyaokoa majitu lakini amemwacha Mono amelala palepale juu ya jiwe, kwa hiyo naye asijisifu. Kisha akaongeza kwamba sote tulikuwa tunagombana juu ya Wander, majitu na Dormin, ilhali hakuna hata mmoja aliyemwuliza Mono kama angekubali kurudishwa kwa bei ile. Niliisoma insha hiyo kwa sauti mbele ya darasa. Mvulana aliyeketi nyuma alisema maiti haiulizwi. Msichana akamjibu kwamba Wander alimjua Mono kabla hajafa. Waliendelea hivyo mpaka kengele ikalia, na somo la kauli ya kutendea, nililokuwa nimeliandaa kwa siku hiyo, tulilifanya kesho yake.